Pikipiki yako ya kruza: uipandishe nguvu za farasi au uiache ilivyotoka kiwandani? Soma kabla hujatoa hela

Wakuu, hii nimeichelewesha sana. Kila wikiendi tukitoka kuendesha, wabongo na wakenya tulioko huku Denver, lazima mmoja aniulize "mkuu, hii Harley ina farasi ngapi, na nikitaka zifike mia nafanyaje?" Na mimi namrudishia swali ambalo hakuna anayelipenda: unapoendesha, injini yako inakaa kwenye raundi ngapi (mizunguko kwa dakika)? Wengi hawajui. Sasa kama hilo hulijui, hela yote utakayotoa ni ya kubahatisha, na mi nilishabahatisha nikaliwa, ndo maana leo naandika.

Naongelea kruza (zile pikipiki kubwa za mwendo wa kutulia), hasa Harley za injini ya Milwaukee-Eight zilizoanza na modeli za 2017, maana ndo ninayo (Street Bob ya 2018, injini ya inchi za ujazo 107, yaani cc 1,746) na ndo zimejaa huku. Ukiwa na kruza za Kijapani kama Vulcan, Boulevard au Shadow akili ni ileile, vipuri tu ndo vinatofautiana na vingine hutavipata kabisa.

Hesabu kwanza, ni moja tu

Farasi hazikai zenyewe. Unachukua torki (msuli wa injini wa kuzungusha), unazidisha na raundi, unagawa kwa 5,252 kama torki umeipima kwa paundi-futi kama wafanyavyo Wamarekani. Injini yenye torki 100 kwenye raundi 2,500 inakupa farasi kama 48. Torki hiyohiyo 100 ukiweza kuishikilia mpaka raundi 5,252 zinakuwa farasi 100 kamili. Msuli ni uleule, kilichoongezeka ni mzunguko. Kwa hiyo jamaa akikwambia katoa kruza yake kwenye farasi 75 kaifikisha 105, muulize hizo 105 zinapatikana kwenye raundi ngapi, maana mara nyingi alichofanya ni kuisogeza nguvu juu kule elfu tano na kitu, na injini hizi kiwandani zinakatwa kwenye elfu tano na mia tano hivi, yaani kaweka nguvu darini na yeye analala sebuleni.

Yangu nikiwa maili 70 kwa saa gia ya sita inazunguka kama 2,500. Mjini nacheza kati ya 2,000 na 3,200. Kiwanda kimeweka kilele cha torki kwenye 3,000, na sio kwamba walikosea.

Kazi ya kwanza basi haihitaji spana. Wiki nzima endesha kama kawaida yako, weka ile skrini ionyeshe raundi, na kila ukipita gari au ukipanda mlima angalia imesoma ngapi. Jioni andika kwenye simu. Ukikuta asilimia kubwa uko chini ya 3,500, wewe ni mtu wa torki, na mambo ya farasi mia waachie wenye shughuli zao.

Hakikisha ya kiwandani kwanza ni nzima

Hapa watu wanaparuka sana. Binamu yangu alinunua kruza ya mtumba, akaja analalamika haina nguvu, anataka tuibadilishe kamshafti (ile shafti inayofungua na kufunga valvu). Nikamwambia lete tuione. Tairi la nyuma lilikuwa na psi 22 wakati kitabu kinataka karibu mara mbili ya hapo. Eaklina (chujio la hewa) imejaa vumbi mpaka imebadilika rangi. Halafu kebo ya klachi imekazwa hadi haina uchezi hata kidogo, kwa hiyo klachi ilikuwa haishiki vizuri, ukifungua resi raundi zinapanda pikipiki inabaki palepale. Tulilegeza kebo, tukajaza upepo, tukaweka eaklina mpya, plagi zote nne mpya (Milwaukee-Eight ina plagi mbili kila silinda, wengine wanabadilisha mbili za upande mmoja wanasahau za upande wa pili). Alivyorudi toka kuijaribu alikuwa anacheka tu mwenyewe. Hakununua kamshafti.

Kingine cha kukagua ni kama kuna hewa inaingia kwa wizi pale mpira wa intek (njia ya hewa kuingia) unapokutana na hedi (kichwa cha silinda). Washa injini iwe sailensa (inazunguka yenyewe bila resi), chukua chupa ya kupulizia yenye maji, pulizia kidogo kuzunguka zile sili. Mlio ukibadilika, pale panavuja. Na usitumie petroli wala spirit kwenye injini ya moto kama nilivyoona mtu anafanya, utaungua nyusi ukiwa na bahati.

Breki na shokapu kabla ya nguvu

Najua hii haina raha kuisoma. Lakini Street Bob inapita kilo 290 kabla hujakaa juu yake na mbele ina diski moja tu. Ukiiongezea nguvu ifike haraka kwenye kona na breki hujaziboresha, umejitengenezea tatizo. Padi nzuri, hose za breki za chuma zilizofumwa, oili mpya ya breki, hiyo ni hela ndogo. Shokapu ya nyuma ya kiwandani ni ya kumbebea mtu wa wastani barabara nzuri, mi nina kilo 98 na mama watoto akikaa nyuma ilikuwa inagonga chini kila daraja. Nilivyobadilisha shokapu nilianza kwenda kasi zaidi kwenye milima kuliko ekzosi yoyote ilivyowahi kunipeleka, bila farasi hata mmoja kuongezeka. Kama bajeti yako ni dola elfu moja tu na huendi popote zaidi ya hapo, weka hapa, acha injini.

Hatua ya kwanza: eaklina, ekzosi, rimapu

Huku wanaita steji wani. Vitu vitatu, na vinakwenda pamoja, usivitenganishe. Injini ni pampu ya hewa, ukiirahisishia kuvuta (eaklina ya wazi zaidi) na kutoa (ekzosi), inabidi pia uiambie kompyuta iongeze mafuta (hiyo ndo rimapu), maana toka kiwandani imepangwa iwe na mafuta machache ili ipite sheria za moshi.

Sasa nisimulie upuuzi wangu. Mwaka wa kwanza nilinunua ekzosi fupi zilizonyooka, zile mbili zimekatwa tu hazina kitu ndani. Nilizipenda kwa picha. Nikazifunga mwenyewe Jumamosi asubuhi, eaklina sikugusa, rimapu nikasema nitafanya mwezi ujao nikipata hela. Mlio ulikuwa wa ajabu, mtaa mzima ulijua nimeamka. Lakini kutoka kwenye taa, pale 2,000 mpaka 3,000, pikipiki ikawa imelegea, naongeza resi inachelewa, halafu nikiachia resi kushuka mlima inapiga risasi nyuma pa pa pa. Baada ya wiki mbili mabomba yameshageuka bluu na dhahabu karibu na hedi. Nikadhani ni urembo, kumbe mchanganyiko una hewa nyingi mafuta machache na moto umezidi.

Kilichotokea ni kwamba bomba fupi lililo wazi halimsaidii mtu wa raundi za chini. Moshi ukitoka unatengeneza mawimbi ya presha ndani ya bomba, yakifika mwisho yanarudi, na kwenye raundi ndogo yanarudi wakati valvu bado zimefunguka, yanasukuma moshi uliotoka urudi ndani na kuharibu hewa mpya inayoingia. Ndo maana kelele nyingi, mvuto hakuna. Ekzosi ya mbili-kuingia-moja, yaani mabomba mawili yanaungana kuwa moja kabla ya kutoka, silinda moja inaisaidia nyingine kunyonya, na torki inajaa palepale unapoishi. Kwa kruza ya barabarani mi sina mjadala hapo, chukua mbili-kwa-moja. Haipendezi kwa picha kama zile ndefu za pembeni, sawa, lakini mi sikai kuiangalia, naiendesha.

Ukifunga ekzosi zingatia haya madogo maana ndo yanaleta kesi. Gasketi za pale kwenye hedi weka mpya, usirudishie za zamani hata kama zinaonekana nzima. Nati za kwenye hedi anza kuzikaza kwa mkono tu, kisha funga breketi za nyuma ukiacha zimelegea, bomba likae lenyewe bila kulazimishwa, ndo urudi kukaza kuanzia kwenye hedi kuelekea nyuma. Ukianza kukaza breketi kwanza, bomba linakaa kwa hasira, baada ya mwezi utakuta limepasuka au linavuja. Sensa za oksijeni zipake ile grisi ya kuzuia kuganda kwenye nyuzi tu, sio kwenye pua yake. Halafu kabla ya kuwasha, futa bomba lote kwa kitambaa chenye spirit, alama za vidole vyako zikipikwa pale hazitoki tena mpaka uuze.

Kwa bei nilizolipa mimi: eaklina 180, ekzosi 900, kifaa cha kurimapu 450, daino 500. Dola elfu mbili na ushee. Nilichopata nakwambia hapo chini.

Daino, na jinsi ya kuisoma ile karatasi

Daino ni yale mapipa unayopandisha tairi la nyuma yanapima nguvu. Nenda mara mbili: kabla hujagusa chochote na baada ya kumaliza. Bila karatasi ya kwanza hutajua umenunua nini, utabaki na hisia, na hisia baada ya kutoa dola elfu mbili huwa nzuri siku zote.

Ya kwangu ilikuwa farasi 75 na torki 101 kwenye tairi, baada ya kazi ikawa 84 na 110. Unaona? Farasi tisa. Lakini angalia mstari wa torki: pale 2,500 umenyanyuka, na umebaki umenyooka kama meza mpaka 4,000. Hiyo ndo unaisikia ukipita lori. Kwa hiyo usiangalie namba ya juu kabisa, angalia mstari mzima kati ya raundi ulizoandika ile wiki ya kwanza. Karatasi mbili, moja ina farasi 100 lakini chini ya 3,500 torki imezama, nyingine ina farasi 88 na torki imejaa kuanzia 2,200, hiyo ya pili itamwacha wa kwanza kila taa ya mjini.

Halafu kuna mtego wa huku kwetu. Denver ipo mita 1,600 juu ya bahari, hewa nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 unazopanda. Daino inajua hilo, kwa hiyo inasahihisha namba ionekane kama uko chini kwenye joto na presha ya kawaida. Karatasi yangu inasema 84, ila nguvu iliyofika kwenye lami siku ile ni kama 70. Sio wizi, ndo utaratibu, usije tu ukabishana na mtu wa Florida kwa karatasi ya Denver mkadhani pikipiki zinalingana barabarani. Na tukipanda I-70 mpaka pale handaki la Eisenhower, mita 3,400, kila mtu anakuwa mnyonge, mwenye steji wani na mwenye ya kiwandani wote tunatambaa nyuma ya trela.

Muulize anayekutyunia anafanya kazi vipi. Kama anafungua resi mpaka mwisho mara tatu, anarekebisha, anakupa karatasi, huyo kakufanyia ile sehemu unayoitumia sekunde kumi kwa siku. Mzuri anaishikilia injini kwenye raundi moja, resi robo, anaangalia mafuta na hewa, anahamia raundi nyingine, resi nusu, anaangalia tena, silinda ya mbele na ya nyuma kila moja kivyake maana hazivuti sawa. Inachukua masaa. Resi ikiwa wazi kabisa uwiano wa hewa kwa mafuta unautaka kwenye 13 hivi, ukiwa unatembea taratibu unaweza kuwa 14 na kitu. Ukiona karatasi haina kabisa mstari wa hewa na mafuta, idai.

Kamshafti, hapa ndo njia panda

Mtu wa kawaida ningemwambia aishie hapo juu. Ila mwaka juzi nikaingia kwenye kamshafti na sijajuta, kwa sababu nilichagua ile ya torki.

Tofauti yake ni hii. Kamshafti ya torki inafunga valvu ya kuingiza hewa mapema, kwa hiyo pistoni ikipanda inaibana hewa yote, unapata mkandamizo mzuri kwenye raundi ndogo. Ya farasi inachelewa kuifunga, kwenye raundi kubwa inasaidia maana hewa bado inakimbilia ndani kwa kasi yake, lakini kwenye raundi ndogo pistoni inairudisha hewa nje kupitia mlango ilioingilia. Kwa hiyo ukinunua kamshafti kubwa na pistoni za kiwandani ukaendesha mjini, umeifanya pikipiki yako iwe dhaifu kwa hela yako mwenyewe. Muuzaji atakuonyesha namba ya juu. Wewe muulize valvu ya kuingiza inafunga digrii ngapi, akikosa jibu, tafuta mwingine.

Ukishafungua pale pembeni, badilisha lifta (vile vipande vyenye oili vinavyonyanyuliwa na kamshafti), na angalia pampu ya oili na beringi ya ndani ya kamshafti, maana kazi kubwa ni kufika pale, sio vipuri. Wenye Twin Cam za zamani, zile za 1999 mpaka 2006, nyie msiongelee nguvu kabisa kabla hamjaangalia vile viatu vya plastiki vinavyobana cheni ya kamshafti, vinalika, na vipande vinakwenda kwenye oili. Hiyo ni kazi ya lazima hata kama unaiacha ya kiwandani maisha yake yote.

Kama unafanya mwenyewe, sehemu inayoua injini za watu ni pushrodi za kurekebisha (fimbo zinazotoka kwenye lifta kwenda kufungua valvu). Toa plagi, weka gia ya sita, zungusha kwa tairi la nyuma mpaka pistoni ya silinda hiyo iko juu na valvu zake zote zimefunga. Rekebisha pushrodi kwa mizunguko aliyoandika mtengenezaji wake, kila mmoja ana yake. Halafu ACHA. Toka nje, kunywa chai. Lifta imejaa oili na sasa hivi imeinyanyua valvu, inabidi oili ivuje taratibu mpaka lifta ishuke, dakika kumi na tano, ishirini, wakati mwingine zaidi. Utajua imemaliza pale utakapoweza kuizungusha pushrodi kwa vidole viwili bila nguvu. Ukiwa na haraka ukazungusha injini kabla, valvu inakutana na pistoni au na mwenzake, inapinda, na umehama kwenye kazi ya Jumamosi umeingia kwenye kazi ya hedi. Sisi tulikuwa wawili gereji ya nyumbani, mwenzangu mkono ulishafika kwenye tairi, nikampigia kelele mpaka jirani akachungulia.

Matokeo: farasi 92, torki 116. Na klachi ikahitaji springi ngumu zaidi, kwa sababu ya kiwandani ilipimwa kwa torki ya kiwandani. Rimapu nayo unairudia upya, ile ya steji wani haifai tena, kwa hiyo kama unajua moyoni utafika kwenye kamshafti, usilipe rimapu ya daino mara mbili, subiri ufanye vyote kwa pamoja.

Silinda kubwa na kuendelea

Unaweza kutoa silinda za 107 ukaweka za kipenyo cha inchi 4.25, ikawa 124. Za 114 zinakuwa 128. Pistoni mpya, mkandamizo juu, hedi za kuchonga, mdomo mkubwa wa hewa. Inapita farasi 110, 120 kwenye tairi, ni kweli kabisa, nimezipanda, zinatisha.

Lakini hapo umeshavuka mstari. Kranki (shafti kuu) ya hizi injini haijachongwa kipande kimoja, imekusanywa kwa kushindiliwa, na torki ikizidi sana inaweza kujisokota kwenye pini yake ikaacha kuzunguka sawa, ndo maana wajenzi makini wanaichomelea kabisa kabla. Klachi nyingine. Breki nyingine. Joto kwenye silinda ya nyuma ambayo tayari imejificha kwenye kivuli cha mwenzake. Ukijumlisha na mkono wa fundi unaongelea dola elfu sita, saba, kwenye pikipiki ambayo ukiiuza mnunuzi atakuangalia kwa mashaka.

Na hapa nasema maoni yangu: anayetaka farasi 150 kwenye kruza anunue iliyozaliwa nazo. Triumph Rocket 3 ya 2020 ilitoka kiwandani na cc 2,458 na farasi 165. Yamaha VMAX ile ya 2009 ilikuwa inakaribia 200. Harley wenyewe Sportster S ina 121 kwenye cc 1,252 tu, kwa sababu ni injini nyingine kabisa ya kupozwa kwa maji. Hizo fremu, breki na klachi vilichorwa kwa hiyo nguvu toka mwanzo. Kulazimisha Street Bob ifike huko ni kama kumfundisha punda mbio za farasi, atakimbia, ila miguu yake unaijua.

Lini uiache kabisa ya kiwandani

Kama bado ina waranti, kaa kimya usubiri iishe, au soma karatasi ya waranti mstari kwa mstari kabla ya kurimapu. Sheria ya Marekani hairuhusu wakunyime waranti yote eti kwa sababu umeweka eaklina ya kampuni nyingine, lakini injini ikifa na kompyuta ikaonyesha imeandikwa upya, utakuwa na kazi ya kubishana.

Kuna na sheria ya moshi. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilifikia makubaliano na Harley-Davidson, kampuni ikalipa faini ya dola milioni 12 kwa sababu ya kuuza vile vifaa vya kurimapu vilivyokuwa vinapandisha moshi zaidi ya kiwango. Toka hapo soko likabadilika, sasa unatafuta vifaa vilivyoidhinishwa, na ukiwa California tafuta vyenye namba ya kibali ya bodi yao ya hewa. Sio kila kinachouzwa mtandaoni unaruhusiwa kukiendeshea barabarani.

Iache pia kama unaendesha chini ya maili elfu mbili kwa mwaka, kama unapanga kuiuza ndani ya miaka miwili, au kama unachopenda ni kile kitu chenyewe, ule mwendo wa taratibu, injini inapumua chini yako na hakuna linalokuharakisha. Hiyo sio aibu. Watu wanaona kama ya kiwandani ni ya mtu asiyejua, wakati mzee mmoja wa kikundi chetu ana Road King haijaguswa hata skurubu, ina maili zaidi ya 90,000, na safari zote ndefu yeye ndo anayetusubiri sisi tukiwa pembeni tunakaza kitu.

Ukibadilisha, vya kiwandani usitupe. Funga kwenye boksi, kila bolti kwenye mfuko wake wa nailoni, andika kwa maka imetoka wapi. Siku ya kuuza vinakurudishia hela.

Mlioko nyumbani

Mnaoziingiza Nairobi, Arusha, Dar, kabla ya yote fikirieni nani ataifungua hiyo injini ikigoma. Ya kiwandani fundi mzuri mwenye kitabu ataielewa. Iliyorimapiwa na mtu wa Denver kwa kifaa kilichofungwa kwa namba ya pikipiki hiyo, siku kompyuta ikichanganyikiwa mtaanza kutumiana mafaili usiku wa manane.

Mafuta pia. Harley inataka oktani 91 ya Marekani, lakini namba ya huku ni wastani wa vipimo viwili, kwa hiyo hiyo 91 inalingana kama na 95 ya RON, kipimo cha huko nyumbani. Ukiona pampu imeandikwa 95 huko, usidhani umepata mafuta bora kuliko ya huku. Sisi Colorado tunauziwa hata ya chini ya 85 kwa sababu ya mwinuko, hewa nyepesi inapunguza mkandamizo na injini haigongi (mafuta hayalipuki kabla ya wakati). Jamaa yangu mwenye 124 alityuniwa hapa, taimingi (wakati plagi inapowasha mafuta) ikavutwa mbele kwa raha zake, akaendesha mpaka Houston mwezi wa nane. Kule chini hewa nzito, joto kali, injini ikaanza kugonga kila akifungua resi kwenye gia kubwa.

Nairobi ipo mita 1,700 hivi, kwa hiyo hesabu ni ileile ukishuka Mombasa. Za injeksheni za kiwandani zinajirekebisha, sensa ya presha inaona hewa imebadilika na kompyuta inarudisha taimingi nyuma ikisikia injini inagonga. Iliyotyuniwa kwa hewa ya Nairobi peke yake haina nafasi hiyo iliyobaki. Na za kabureta ndo kabisa, ukiwa umeipunguzia jeti (kitundu kinachopitisha mafuta) ili isile mafuta huko juu, ukifika chini hewa inakuwa nyingi kuliko mafuta na moto unapanda, kwa hiyo beba jeti ya zamani kwenye mfuko wa koti, ni kitu kidogo kama kifungo. Ukishapita Voi kuteremkia pwani zima redio kidogo, fungua resi taratibu ukiwa gia ya nne, na usikilize: kama unasikia kokoto zinatikiswa kwenye kopo la bati, punguza resi, shusha gia moja injini izunguke bila kubeba mzigo, na ukifika jaza mafuta ya namba kubwa kuliko uliyokuwa unatumia.